Maji ya fluori: tusipokee chujio bila daftari



Katika mikutano yetu upande wa Nyiragongo, Rusayo na Sake, kuna swali moja linalorudi kila mara: « Bwana agronomu, ile dawa ya kutosha fluori ndani ya maji itafika lini? » Watu wamesikia ya kwamba kuna mchanga mweupe wanaoweka ndani ya ndoo, maji yanapita juu yake, na fluori inabaki pale. Ni kweli, mchanga ule uko. Ni oksidi ya alumini, ile wanaita alumina. Kuna zingine pia za chuma na za metali zingine, zinazofanya kazi ya namna moja.

Mimi siko kinyume cha chujio. Lakini naona tunauliza swali la pili kabla ya lile la kwanza. Kabla ya kuuliza chujio litafika lini, tuulize: siku litakapojaa, nani atajua? Kama hakuna mtu wa kujibu, mawazo yangu ni haya: koperative ikatae kulipokea mpaka jibu lipatikane. Najua neno hili halitapendeza kila mtu. Nitaeleza juu ya nini ninalisema.

Kwanza tuelewane juu ya shida

Mawe ya volkano yana fluori. Maji yanayopita ndani yao chini ya udongo yanaibeba. Tena moshi wa Nyiragongo una gesi ya fluori ndani yake. Upepo mara nyingi unausukuma moshi ule upande wa magharibi, na mvua inayopita ndani yake inashuka nayo. Kwa hiyo upande ule maji ya mvua si salama kwa sababu tu yametoka mbinguni. Wenye nyumba za kule wanajua namna mabati yanavyooza mbio. Mvua ile ile inayokula mabati ndiyo tunakinga ndani ya pipa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu 1984 linaweka mpaka wa miligramu 1,5 ya fluori kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika mkoa wa Virunga ziko chemchemi zilizo chini ya mpaka huo, na ziko zingine zinazoupita mara kadhaa. Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kuwa tofauti kabisa. Kwa macho hauwezi kujua. Maji ya fluori ni meupe, ni baridi, hayana harufu, na hayaumizi tumbo.

Meno ndiyo yanatangaza. Mtoto anapokunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwa yanajitengeneza ndani ya ufizi, yaani tangu utoto mpaka karibu miaka 8, meno yatatoka na madoa meupe, kiisha ya rangi ya kahawia, na wengine yanakatika pembeni. Mtu mzima ambaye meno yake yalikwisha kukomaa hawezi tena kupata madoa hayo. Lakini akiendelea miaka mingi na maji yenye fluori nyingi sana, mifupa na viungo vinaweza kukauka na kuuma. Ng'ombe pia wanapata shida ya meno na mifupa, zaidi pale majivu ya volkano yanapoanguka juu ya majani ya malisho.

Jambo moja niliseme waziwazi, juu ya wengi bado wanadanganyika: kuchemsha hakutoshi fluori. Maji yanapungua kwa mvuke, fluori inabaki, basi kila kikombe kinabeba nyingi kuliko mbele. Klori pia haiitoshi, na chujio la mchanga wa kawaida haliitoshi. Tuendelee kuchemsha na kutia klori juu ya vidudu vya kuhara na kolera, hiyo ni lazima. Lakini hiyo ni vita ingine.

Udongo mwekundu unatuonyesha kazi ya chujio

Mkulima wa Walungu au Kabare haitaji somo refu la kemia ili kuelewa alumina. Ameshaona kazi yake shambani. Unanunua mbolea yenye fosfori, unaitia katika udongo mwekundu wenye asidi, na maharagi hayaioni. Fosfori imeenda wapi? Haikwenda na maji. Imekamatwa na oksidi za chuma na za alumini zilizo ndani ya udongo ule. Zile oksidi ndizo zinazoupa udongo wetu rangi na tabia yake. Udongo mweusi wa volkano nao unakamata fosfori sana, kwa njia inayofanana na hiyo.

Chujio la alumina linafanya kwa fluori vile udongo mwekundu unafanya kwa fosfori. Juu ya uso wa kila chembe kuna viti vidogo vilivyokaliwa na sehemu ya maji, ile wanakemia wanaita hidroksili. Fluori inapopita, inasukuma hidroksili na kukaa katika kiti chake. Ubaya wa shambani umekuwa uzuri ndani ya ndoo.

Na viti ni vingi sana. Gramu moja ya alumina nzuri, ukikunjua matundu yake yote madogo, ina uso wa zaidi ya mita mraba 200. Sisi tunapima mashamba kwa ari: hizo ni ari 2 ndani ya gramu moja. Gramu 50, kiasi kinachoenea katika kiganja cha mkono, zina uso wa hektari nzima. Ndiyo sababu ndoo ndogo inaweza kusafisha maji mengi.

Lakini hata hektari ina mwisho. Viti vikijaa, fluori mpya inapita moja kwa moja mpaka ndani ya kikombe. Na hapa ndipo penye hatari: chujio lililojaa halibadiliki sura. Chujio la mchanga likijaa, maji yanapungua mwendo, kila mtu anaona. Chujio la alumina likijaa, maji yanatoka mbio ile ile, meupe vile vile, matamu vile vile. Mama anaendelea kumpa mtoto kwa moyo mweupe. Chujio la namna hiyo ni baya kuliko kukosa chujio, juu ya nyumba isiyokuwa nalo ingeendelea kutafuta chemchemi nzuri, lakini yenye nalo imeacha kutafuta.

Tufanye hesabu pamoja

Tuchukue nyumba moja. Maji yake yana miligramu 4 kwa lita, na tunataka kubakisha 1. Basi kila lita inaacha miligramu 3 ndani ya chujio. Nyumba inatumia bidoni moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika. Hiyo ni miligramu 60 kila siku.

Chujio lina kilo 10 za alumina. Wauzaji wanaandika vipimo vikubwa, lakini mara nyingi ni vipimo vya labo. Kwa maji ya kijiji tuweke kwa busara miligramu 1 kwa kila gramu. Kilo 10 zitabeba miligramu 10 000. Gawanya kwa 60: siku 166. Miezi mitano na nusu, ni kama sezoni moja ya kulima.

Kama maji yana miligramu 8 na tunataka kubakisha 1, chujio lile lile linabeba miligramu 140 kwa siku, na linajaa kwa siku 71. Kabla maharagi hayajavunwa, limekwisha. Kwa hiyo yule anayekuambia « chujio hili linadumu miaka miwili » bila kukuuliza maji yako yana fluori ngapi, hana hesabu.

Maji yenyewe pia yana neno lake. Alumina inapenda maji yenye asidi kidogo, pH 5 mpaka 6. Maji yakiwa na pH inayopita 8, na bikarbonati nyingi, nguvu yake inapungua sana, juu uso wake unaacha kuvuta fluori na bikarbonati nazo zinagombea viti. Wakulima tunajua jambo la namna hiyo: ukitia chokaa katika udongo wenye asidi, fosfori inaachiliwa kidogo. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana pH karibu 9 na bikarbonati nyingi. Basi chujio lililopimwa kwa maji ya mahali pengine lisiletwe kwetu na karatasi ya huko. Lipimwe kwa maji yetu. Na mtu asidanganyike kutia asidi nyumbani ili kulisaidia: maji yakizidi asidi, alumini yenyewe inatoka katika chembe na kuingia ndani ya maji.

Yale watu wananijibu

Wengine wananiambia: « Kama udongo mwekundu unakamata, tuutumie bure. » Wazo si la kijinga. Watafiti katika nchi mbalimbali wamejaribu udongo wa lateriti na boksiti, na unakamata fluori kweli. Lakini mara nyingi unakamata kidogo kuliko alumina iliyotengenezwa kwa moto, unaleta tope, na kila kilima kina udongo wake. Ule wa kilima hiki unaweza kusaidia, ule wa kilima cha jirani usifanye kitu. Ni kazi nzuri kwa wanafunzi wa vyuo vyetu vya kilimo na labo zao. Si kazi ya kujaribia watoto jikoni.

Wengine wanasema: « Wazee wetu walikunywa maji haya na walizeeka. » Walizeeka, ndiyo. Lakini tuangalie meno yao. Na tuwaulize wasichana wetu wanaoficha mdomo kwa mkono wakati wa kucheka, kama kwao ni jambo dogo.

Wengine tena: « Ni kazi ya serikali kuleta bomba. » Nakubali. Chemchemi nzuri iliyotengenezwa na bomba linalofika kijijini ni bora kuliko ndoo elfu za alumina. Mbele ya kununua chujio, koperative itafute maji mazuri karibu. Hata kuchanganya kunaweza kusaidia: maji ya miligramu 2,5 na maji ya 0,4, nusu kwa nusu, yanatoa karibu 1,45. Yako chini ya mpaka bila kununua kitu. Lakini hesabu hiyo nayo inataka vipimo. Bila kipimo tunachanganya giza na giza.

Wenzetu walipita njia hii

Kaskazini mwa Tanzania, upande wa Arusha na milima ya Meru na Kilimanjaro, fluori ya volkano imesumbua watu muda mrefu. Kituo cha Ngurdoto kule kilitengeneza machujio ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Nakuru, Kenya, Jimbo Katoliki lilifanya kazi kama hiyo. Mifupa iliyochomwa si oksidi ya metali, ni fosfati ya kalsiamu, lakini sheria yake ni ile ile: inakamata, inajaa, inabadilishwa. Kwetu wafugaji na wachinjaji wako, basi njia hiyo isisahauliwe. Lakini mifupa iliyochomwa vibaya inatoa harufu na rangi katika maji, na kuna watu ambao dini yao haikubali mifupa ya kila mnyama. Wenye nyumba waulizwe kwanza.

India, Unicef na chuo cha IIT Kanpur walisaidia vijiji kutumia ndoo za alumina. Pale chujio likijaa, alumina inaoshwa kwa maji ya soda kali, kiisha kwa asidi kidogo, na inarudi kazini. Kuosha huko ndiyo kazi nzito kuliko zote. Soda kali inachoma macho na ngozi. Maji ya kuoshea yanabeba fluori yote ya miezi mizima, hayamwagwi karibu na chemchemi wala shambani. Mimi singekubali kazi hiyo ifanywe katika nyumba ya mtu. Ifanywe mahali pamoja, na watu wawili waliofundishwa, wenye glavu na miwani, au alumina iliyojaa irudishwe kwa aliyeileta.

Juu ya nini koperative, na kwa masharti gani

Ninaamini koperative ndiyo mahali pazuri pa kushika chujio, kuliko mtu mmoja mmoja. Koperative ina depo, ina mizani, ina kesi, ina mwandishi. Imezoea kuhesabu mbegu na mbolea kwa sezoni. Alumina tuihesabu sawa vile: si zawadi ya mara moja, ni kitu kinachokwisha na kununuliwa tena. Nani kati yetu anapanda kila mwaka kwa mbolea ya mwaka 2015? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kinachopotea si franga tu.

Basi masharti yangu ni manne.

Sharti la kwanza: kupima mbele ya kununua. Kila chemchemi, kila pipa la mvua la shule, kipimo kimoja wakati wa mvua na kimoja wakati wa jua. Vifaa vidogo vya kupima fluori viko, na koperative kadhaa zinaweza kushirikiana kifaa kimoja. Namba iandikwe kwa rangi pale chemchemi, kila mtu aione.

Sharti la pili: daftari la kila chujio. Siku lilipoanza, kilo za alumina, bidoni zilizopita, na kipimo cha maji yanayotoka kila mwezi. Kipimo kikianza kupanda karibu na 1,5, chujio linafungwa siku ile ile, hata kama kila mtu anaona maji ni mazuri.

Sharti la tatu: kesi ya alumina, tofauti na kesi ya kahawa na ya viazi. Bei ya alumina ya kubadilisha igawanywe kwa miezi ambayo hesabu imeonyesha, na kila nyumba ilete sehemu yake kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, hata kama alumina ya kwanza ilikuwa ya bure.

Sharti la nne ndilo litaleta maneno mengi: watoto chini ya miaka 8 kwanza. Turudi kwenye hesabu yetu. Chujio la nyumba nzima lilidumu siku 166. Nyumba ile ile ikilitumia kwa maji ya kunywa na ya uji ya watoto wake watatu tu, lita 5 kwa siku, linabeba miligramu 15 kila siku. Kilo zile zile 10 zinafika siku 666, karibu miezi 22. Najua kwetu baba ndiye anapewa maji ya kwanza, na mgeni kabla yake. Siombi tuache heshima. Naomba tu kwamba pale alumina ni kidogo, bidoni ya chujio iwe na alama yake, na mtu mzima asiiguse. Meno ya baba yalikwisha kujengwa. Ya mtoto yanajengwa wiki hii. Na mama anayenyonyesha asiogope: hata akinywa maji ya fluori, maziwa yake yana fluori kidogo sana. Kunyonyesha ni chujio lisilojaa.

Neno kwa wanaotuletea

Kuna mashirika yanayopenda siku ya kukabidhi: picha, hotuba, ndoo mpya zenye jina juu yake. Baada ya miezi sita mradi umefungwa na ndoo zimejaa. Neno hili ninalisema kwa wote, na shirika linalochapisha gazeti hili lisijitoe. Komite za koperative zina haki ya kuuliza maswali matatu mbele ya kutia sahihi: Maji yetu yamepimwa na yana ngapi? Alumina hii, kwa maji yetu, itajaa baada ya siku ngapi? Siku hiyo, kipimo na alumina mpya vitatoka wapi, na kwa franga za nani? Mgeni mwenye majibu apewe kiti. Asiye na majibu aambiwe kwa heshima arudi akiwa nayo, na ndoo zake arudi nazo.

Tuweke jambo hili katika mukutano mkuu unaokuja, mbele ya sezoni kuanza na kila mtu kutawanyika shambani. Komite ikichagua mtu mmoja wa daftari na kupanga kupima chemchemi tatu tu, tayari itakuwa mbele ya koperative yenye machujio ishirini yasiyojulikana kama bado yanafanya kazi.